SOMO LA AFYA: Upasuaji wa Mgongo ni Nusu ya Tiba, Nusu ya Pili Iko Nyumbani



Katika toleo hili tunawaletea somo juu ya jambo ambalo halipewi nafasi kubwa katika vikao vyetu, nalo ni utunzaji na mazoezi ya mzee aliyefanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo. Kamati inapopokea ombi la kumsaidia mzee mwenye tatizo la mgongo, mazungumzo mara nyingi huwa ni juu ya fedha za upasuaji. Zikipatikana, watu hushukuru, mzee husafirishwa, hupasuliwa, na jambo huhesabiwa kuwa limekwisha. Somo hili linataka kuonyesha kwamba siku mzee anaporudi nyumbani ndipo nusu ya pili ya tiba inapoanza, na kwamba nusu hiyo isipofanyika, ile ya kwanza inaweza kupotea bure.

Baada ya kusoma na kujadili somo hili, tunatarajia kila kamati iweze:

1. Kueleza upasuaji wa mgongo unafanya nini na haufanyi nini.
2. Kuisaidia familia kumwinua mzee kitandani kwa usalama na kumfanyisha mazoezi.
3. Kutambua dalili za hatari na kujua wapi pa kukimbilia.
4. Kupanga bajeti ya mgonjwa inayofika hadi mlangoni kwake.

Hali ya eneo letu

Segese iko kaskazini mwa mji wa Kahama, katika Halmashauri ya Msalala, upande wa barabara inayoelekea Kakola na ukanda wa dhahabu wa Geita. Mgodi mkubwa wa Bulyanhulu hauko mbali, na wachimbaji wadogo wametawanyika pande zote. Hata hivyo wazee wetu walio wengi hawakuitumikisha migongo yao kwenye dhahabu peke yake. Walilima mpunga, mahindi, pamba na karanga kwa jembe la mkono, wakiwa wameinama tangu alfajiri. Akina mama walibeba ndoo za maji na mizigo ya kuni kichwani kwa miaka 40 au 50. Wengine walishuka kwenye maduara, wakapandisha mawe na kuyaponda kwa mikono.

Mgongo uliotumika hivyo ukifikia hatua ya kuhitaji upasuaji, safari huwa ndefu. Mzee huanzia zahanati au kituo cha afya, huenda hospitali ya Kahama, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa Shinyanga. Akihitaji daktari bingwa hupelekwa Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayohudumia Kanda ya Ziwa. Wengine hufika KCMC kule Moshi, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Kutoka Segese hadi Dar es Salaam ni karibu kilometa 1,000. Ni wazi kwamba mzee aliyepasuliwa huko hawezi kurudi kila wiki kufanya mazoezi na wataalamu. Kwa mantiki hiyo, mazoezi lazima yamfuate nyumbani.

Ni nini kinachompeleka mzee kwenye upasuaji?

Uti wa mgongo umejengwa kwa mifupa iliyopangana kama pingili za muwa. Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini mfano wa mto, kinachozuia mifupa isisagane. Katikati ya pingili hizo kuna tundu, na ndani yake hupita ugwe, yaani kamba kuu ya mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo kwenda mikononi, miguuni, kwenye kibofu na sehemu nyingine za mwili. Chochote kinachoubana ugwe huo au matawi yake kinaweza kuleta maumivu, ganzi au kupooza. Kwa wazee, sababu kuu ni hizi nne.

*Kuchakaa na kusongwa.* Kadiri umri unavyosogea, mito hukauka, mifupa huota vijisehemu vya ziada na tundu husinyaa. Mzee hutembea hatua chache, kisha miguu huwa mizito na kuwaka moto, lakini akiketi au akiinama mbele hupata nafuu. Wengi hudhani ni uzee tu.

*Kuanguka na ajali.* Mifupa ya mzee, hasa ya mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, huwa myepesi. Kuteleza chooni au kurushwa na bodaboda kunatosha kuvunja pingili. Utafiti wa KCMC uliochapishwa mwaka 2017, juu ya watu walioumia uti wa mgongo kaskazini mashariki mwa Tanzania, ulionyesha kwamba kuanguka ndiko kulikoongoza, kukifuatiwa na ajali za barabarani.

*Kifua kikuu cha mifupa.* Ugonjwa huu hula pingili polepole, na mgongo huweza kutokeza kibyongo. Katika eneo la machimbo tunapaswa kuwa macho zaidi, kwa sababu vumbi la mawe hudhoofisha mapafu na kumweka mchimbaji katika hatari kubwa ya kupata kifua kikuu. Ikumbukwe kwamba wagonjwa wengi wa aina hii hupona kwa dawa bila kupasuliwa, ila dawa zenyewe hunywewa kwa miezi mingi, na kuziacha katikati ni hatari.

*Saratani iliyosambaa.* Kwa wanaume, saratani ya tezi dume hupenda kuhamia kwenye mifupa ya mgongo. Kwa wanawake, saratani ya titi hufanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo mzee mwenye maumivu ya mgongo yanayozidi usiku, homa za jioni, kupungua uzito au miguu kuishiwa nguvu asikandwe na kuchuliwa kwa miezi kadhaa. Apelekwe hospitali. Ugwe uliobanwa kwa muda mrefu hauwezi kusubiri mavuno ya pamba.

Upasuaji unafanya nini, na haufanyi nini

Daktari wa upasuaji hufanya moja au yote kati ya mambo mawili. La kwanza ni kuondoa kinachobana: kipande cha mfupa, mto uliochomoza, usaha au uvimbe. La pili ni kuzishikiza pingili kwa skrubu na vyuma ili zisicheze, mpaka mfupa wenyewe uungane. Kuungana huko huchukua miezi, mara nyingi kati ya mitatu na kumi na miwili, na uvutaji wa tumbaku hukuchelewesha.

Upasuaji haurudishi misuli iliyokwisha kusinyaa. Hauufundishi mwili kutembea upya. Wala haufufui papo hapo mishipa ya fahamu iliyoumia, kwani hiyo hurudi polepole ikiwa itarudi, na wakati mwingine sehemu ya nguvu haipatikani tena. Familia iambiwe jambo hili mapema na kwa upole. Wapo wanaokata tamaa wiki ya tatu kwa sababu mzee bado hatembei, wakaanza kusema daktari amewadanganya, ilhali mwili bado uko kazini.

Kazi ya kuurudisha mwili kwenye shughuli zake inaitwa utengamao, na mazoezi ya viungo, yaani fiziotherapia, ni sehemu yake kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 duniani wana hali za kiafya zinazoweza kunufaika na huduma za utengamao. Shirika hilohilo linaeleza kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati, wataalamu wa huduma hizo hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Hapa kwetu KCMC imefundisha wataalamu wa fiziotherapia tangu miaka ya 1970, na chuo cha TATCOT hapohapo Moshi kimefundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu mwaka 1981. Hata hivyo, mzee wa kitongojini akimpata mtaalamu mara mbili au tatu kwa mwaka, amebahatika. Siku zinazobaki mtaalamu wake ni binti yake, mkwe wake, mjukuu wake na jirani.

Heshima inayoweza kudhuru

Katika jamii zetu, mzee akiugua huambiwa: "Babu, wewe lala tu, pumzika, kila kitu tutakuletea." Maji huletwa kitandani, uji huletwa kitandani, hata kugeuka anageuzwa. Tunafanya hivyo kwa upendo na heshima, na hakuna mtu wa kulaumiwa. Lakini kwa mzee aliyepasuliwa mgongo, kulala kupita kiasi ni hatari kuliko maumivu ya kuamka.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio moja. Wazee wenye afya njema walilazwa kitandani kwa siku 10 tu, wakila chakula cha kutosha. Katika siku hizo walipoteza karibu kilo 1 ya nyama za miguuni. Hao walikuwa wazima. Mzee wetu aliyetoka kupasuliwa, aliyekuwa dhaifu hata kabla ya kwenda hospitali, atapoteza nini akilala miezi miwili?

Zaidi ya misuli, mzee asiyeamka hupata nimonia kwa sababu mapafu hayajai hewa. Damu huganda miguuni. Choo kinakuwa kigumu. Ngozi ya makalio na visigino huoza. Na moyo wake nao huvunjika, kwa kuwa mtu aliyekuwa akiamua mambo ya mji sasa anangoja kugeuzwa.

Historia inatufundisha jambo hilohilo. Mpaka miaka ya 1940, mtu aliyeumia ugwe wa mgongo alihesabiwa kama marehemu mtarajiwa. Wengi walifariki kwa vidonda na maambukizi ya mkojo, si kwa jeraha lenyewe. Mwezi Februari 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Ludwig Guttmann alifungua wodi ya majeruhi wa aina hiyo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kibofu kitunzwe kwa usafi, na kila mtu apewe mazoezi na kazi ya kufanya. Mwaka 1948 akaanzisha michezo ya walemavu hapohapo hospitalini, ambayo baadaye ilizaa michezo ya Paralimpiki. Kugeuza, usafi, mazoezi na kazi havihitaji mashine, na vyote vinawezekana Segese.

Hatua kwa hatua

Maelekezo yafuatayo ni ya jumla. Kila mgonjwa afuate kwanza yale aliyopewa na daktari wake na mtaalamu wa mazoezi, kwa sababu upasuaji haulingani. Ndiyo maana familia isiondoke hospitali bila maelezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili: mzee aruhusiwe nini, akatazwe nini, na kwa muda gani.

*Siku za kwanza hospitalini.* Baada ya upasuaji wa kawaida, wagonjwa wengi huketishwa na kusimamishwa ndani ya siku moja au mbili daktari akiruhusu. Mzee avute pumzi ndefu mara 10 kila saa anapokuwa macho, na akunje na kukunjua vifundo vya miguu ili damu itembee. Ndugu anayemuuguza asikae nje ya wodi wakati wa mazoezi, bali aombe kufundishwa. Huyo ndiye mtaalamu wa kesho.

*Namna ya kuamka kitandani.* Mzee asinyanyuke kwa kujikunja tumbo. Alale chali, apinde magoti, kisha ageuke ubavu mzima kwa pamoja, mabega na nyonga zikienda sawasawa kama gogo linavyobiringishwa. Ateremshe miguu nje ya kitanda huku akijisukuma kwa mikono mpaka aketi. Akae dakika moja au mbili kizunguzungu kiishe, ndipo asimame. Asivutwe kwa mikono wala kubebwa kwa kushikwa kwapani.

*Wiki ya pili hadi ya sita.* Kutembea ndilo zoezi kuu. Aanze kutoka kitandani hadi mlangoni, kesho hadi chini ya mwembe, wiki ijayo hadi kwa jirani. Ni afadhali kutembea mara 5 kidogo kidogo kuliko mara moja mpaka kuchoka. Kati ya safari hizo akaze misuli ya mapaja akiwa amelala, ahesabu mpaka 5, kisha aiachie, mara 10 kwa kila mguu. Akae kwenye kiti imara na kusimama bila kuvutwa, mara 5, na idadi iongezeke kadiri nguvu zinavyoongezeka. Katika wiki hizi asiiname kiunoni, asijipindue kiwiliwili, na asinyanyue chochote kizito kuliko birika la chai. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Hiyo na jembe vikae mbali naye.

*Wiki ya saba hadi mwezi wa tatu.* Mzee arudi kliniki kuonwa. Akiruhusiwa, aongeze mwendo, apande na kushuka ngazi moja akiwa ameshika kitu, na asimame kwa mguu mmoja karibu na ukuta ili kujifunza kujimudu asianguke. Aanze kazi nyepesi za kusimama au kuketi vizuri: kuchambua mchele, kumenya karanga, kuangalia vifaranga, kusuluhisha wajukuu.

*Baada ya mwezi wa tatu.* Shughuli za shamba zirudi kidogo kidogo kwa ruhusa ya daktari. Wapo ambao hawatarudi tena kwenye jembe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mzee anaweza kufuga kuku, kuuza duka dogo au kutunza kitalu cha miche kilichoinuliwa mezani.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi ni ya kawaida. Maumivu makali yanayoshuka mguuni, au yanayodumu mpaka kesho yake, yanamaanisha zoezi limezidi na lipunguzwe. Dawa za maumivu zinywewe kama ilivyoandikwa, maana mzee anayeumwa sana hawezi kufanya mazoezi. Wazee wasinunuliwe dawa za ziada dukani bila ushauri, kwa kuwa baadhi hudhuru tumbo na figo.

Chakula nacho ni sehemu ya tiba. Ugali na michembe hutoa nguvu, lakini nyama za mwili hujengwa na dagaa, mayai, maziwa, maharage, dengu na karanga. Kila mlo wa mzee uwe na mojawapo.

Kuandaa nyumba kabla mzee hajarudi

Kazi hii ifanywe na vijana wa jumuiya kabla mzee hajatoka hospitali. Mambo ya kuangalia ni haya:

- *Kitanda.* Kiwe na urefu unaomwezesha mzee kuketi nyayo zikiwa zimekanyaga chini. Kitanda cha kamba kilicholegea kikazwe au kiwekewe mbao.
- *Kiti.* Kigoda hakifai kwa wiki za mwanzo, kwani humlazimisha kujikunja. Atafutiwe kiti chenye mgongo na mikono.
- *Choo.* Kuchuchumaa ni vigumu na hatari. Fundi seremala atengeneze kiti cha mbao chenye tundu, kiwekwe juu ya shimo la choo, na nguzo ya kushikilia ichimbiwe pembeni. Njia ya chooni isawazishwe, na kuwe na taa au tochi ya usiku.
- *Uwanja wa mazoezi.* Miti miwili mirefu ilazwe sambamba juu ya nguzo fupi zilizochimbiwa imara, kwa kimo cha nyonga za mzee, nafasi ya kupita mtu mmoja ikibaki katikati. Mzee hushika miti hiyo kwa mikono yote miwili akijifunza kutembea. Hakuna cha kununua zaidi ya misumari.
- *Fimbo au fremu ya kutembelea.* Ipimwe kwa kimo chake. Akisimama wima mikono ikining'inia, kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono, na ncha ya chini iwe na mpira usioteleza.

Mzee ambaye miguu haikurudi

Wapo ambao baada ya upasuaji hubaki wamepooza. Hao wasihesabiwe kuwa wameshindikana. Mahitaji yao ya kila siku ni haya.

Kwanza ni ngozi. Asiyesikia maumivu hawezi kujua kwamba amelalia upande mmoja muda mrefu. Ageuzwe kila saa mbili, na akiwa kwenye kiti ajinyanyue au aegemezwe upande kila baada ya robo au nusu saa. Kila asubuhi na jioni akaguliwe makalio, nyonga, visigino na vifundo vya miguu. Alama nyekundu au nyeusi isiyopotea ni kidonda kilichoanza, na sehemu hiyo isilaliwe tena mpaka ipone. Mkojo na jasho vikaushwe mapema. Chai ya moto na jiko la mkaa vikae mbali na miguu isiyosikia.

Pili ni mkojo na choo. Mwenye mpira wa mkojo anywe maji ya kutosha, mfuko uwe chini ya kibofu wakati wote, mikono inawe kabla ya kuugusa, na mpira ubadilishwe kwa tarehe iliyopangwa. Choo kikubwa kizoeshwe kutoka saa ileile kila siku, baada ya chakula.

Tatu ni viungo. Kila kiungo kilichopooza kikunjwe na kunyooshwa taratibu mara mbili kwa siku ili kisikakamae.

Nne ni kiti cha magurudumu. Kiti kisichomtosha mtu huleta vidonda na kupinda mgongo, kwa hiyo apimwe na mtaalamu, na kiwe na mto wa kukalia.

Dalili za hatari

Mzee apelekwe hospitali siku hiyohiyo, bila kusubiri kikao, akiwa na mojawapo ya haya:

1. Miguu kuishiwa nguvu upya, au ganzi mpya katikati ya mapaja.
2. Kushindwa kukojoa, au kushindwa kuzuia mkojo au choo, hali ambayo haikuwepo.
3. Homa, au kidonda cha upasuaji kutoa usaha, harufu au majimaji meupe kama maji, hasa kukiwa na kichwa kinachouma sana anapoketi.
4. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana ghafla na pumzi kukata.
5. Kwa aliyepooza kuanzia kifuani au shingoni: kichwa kugonga ghafla, uso kuiva na kutoka jasho jingi. Aketishwe wima, nguo zinazobana zilegezwe, na mpira wa mkojo uangaliwe kama umeziba au umejikunja, huku usafiri ukitafutwa.

Ujumbe kwa kamati na wafadhili

Tuchukue mfano. Bibi wa miaka 68 amechangiwa fedha za upasuaji Mwanza, na upasuaji umekwenda vizuri. Fedha zimekwisha siku ya kuruhusiwa. Anapanda basi lililojaa, anashuka barabarani jioni, na kilometa 5 za mwisho kuelekea kitongojini anapakiwa kwenye bodaboda kati ya dereva na mjukuu, juu ya mashimo. Akifika anakuta kitanda kilichobonyea na choo cha kuchuchumaa. Tarehe ya kurudi kliniki inafika, nauli hakuna. Mchango wote wa waumini na wafadhili unaweza kupotea katika kilometa hizo 5 na wiki hizo 6.

Kwa hiyo tunashauri kwamba kila ombi la upasuaji wa mgongo linalopita kwenye kamati liwe na vifungu hivi tangu mwanzo:

- usafiri wa kurudi unaofaa, ikiwemo gari au bajaji kwa sehemu ya mwisho;
- nauli ya angalau safari mbili za kliniki, kwa mgonjwa na msindikizaji;
- malazi na chakula cha ndugu anayemuuguza, ili abaki mpaka afundishwe mazoezi;
- fimbo, fremu au kiti cha magurudumu pale kinapohitajika;
- dawa na vifaa vya vidonda na mkojo kwa miezi mitatu;
- matengenezo ya kitanda na choo.

Kama fedha hazitoshi kwa yote, ni heri kuwapeleka wazee wachache na kuwafikisha mwisho wa tiba kuliko kuwapeleka wengi na kuwaachia njiani. Tunajua uamuzi huo ni mgumu, kwa sababu nyuma ya kila jina linalosubiri kuna familia inayolia. Ndiyo maana kamati iupime kwa pamoja na kwa uwazi, isiachiwe mtu mmoja.

Haki za mzee nazo zitumike kabla ya michango. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na zaidi, na inaelekeza wazee wasio na uwezo wapate matibabu bila malipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazungumzia huduma za utengamao na vifaa saidizi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kamati imwone Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri na iulize kwa mgonjwa husika ni nini kinagharamiwa na nini hakigharamiwi, ili michango iende palipo na pengo.

Mwisho, kila mzee apewe watu wawili wa kumtembelea mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu. Wasiende kumpa pole tu na kuondoka. Waende kutembea naye, kukagua ngozi, kuuliza juu ya dawa, na kuandika katika daftari dogo: leo amefika mwembeni, leo amefika kwa jirani. Daftari hilo ndilo litakalomwonyesha daktari maendeleo, ndilo litakalompa mfadhili taarifa ya kweli, na zaidi ya yote litampa mzee mwenyewe moyo siku anapodhani hajasogea.

Maswali ya kujadili katika kamati na jumuiya

1. Katika parokia yetu ni wazee wangapi waliopasuliwa mgongo au waliopooza? Ni nani aliyewatembelea mwezi huu?
2. Ni desturi gani nzuri za kumheshimu mzee tunazoweza kuzitumia ili zimwinue badala ya kumlaza?
3. Nani katika jumuiya ni seremala, fundi chuma au mhudumu wa afya anayeweza kujitolea siku moja kuandaa nyumba ya mgonjwa?
4. Tukiangalia ombi la mwisho tulilopitisha, fedha ziliishia wapi katika safari ya mgonjwa? Tungebadilisha nini?
5. Mtaalamu wa mazoezi wa karibu yuko hospitali gani, na tutamwalikaje aje kufundisha familia kwa siku moja?

Tunaomba kila kamati isome somo hili kabla ya kikao kijacho, na majibu ya swali la kwanza yaletwe kwa maandishi, ili tujue wazee wetu wako wapi na wamefikia hatua gani. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa mzee anayejifunza kutembea upya, kila hatua ina hesabu yake.